Rimu nyingine na matairi makubwa kwenye Prado: pima kwanza, lipa baadaye

Siku niliyonunua rimu zangu za kwanza nilihesabu matundu ya nati, yakawa sita, nikatoa pesa. Nilikuwa Mombasa, muuzaji ana haraka, na mimi nina haraka kumshinda. Nikazipakia nyuma ya gari, kilomita 120 hadi Malindi natabasamu peke yangu. Kesho yake asubuhi kijana fundi wangu wa Maweni akainua gari, akatoa tairi la mbele, akaishika rimu mpya kwa mikono miwili na kuisukuma kwenye habu, kile chuma cha katikati kinachobeba gurudumu. Ikakwama. Akaigeuza, akasukuma tena. Halafu akaiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaniambia, "Ami, nati zimekubali, kitovu kimekataa."

Rimu zilikuwa za Pajero. Pajero ina nati sita kama Prado, na duara la nati lina kipimo kilekile, milimita 139.7. Lakini tundu la kati la rimu ya Pajero ni milimita 67.1, na kitovu cha habu ya Prado ni karibu 106. Hapo hakuna nyundo wala dua. Nilizirudisha nikapata nusu ya pesa yangu, na nauli juu yangu.

Tangu hapo nimebadilisha rimu na matairi ya Prado mbili, ya ndugu yangu na yangu, na nimesimama pembeni watu wengine wakibadilisha yao. Haya ninayoyaandika ni ya Toyota Prado za toleo la 120 na 150, ambazo ndizo zimejaa hapa kwetu. Mwenye Patrol, Pajero au Jimny atafuata njia hiihii, ila namba zitakuwa zake.

Kabla ya yote: unakwenda wapi?

Kama safari zako ni Malindi, Kilifi, Mombasa na kurudi, acha matairi yaliyokuja na gari. Tairi kubwa ni zito, linakula mafuta, linachelewesha breki, na la vijino vikubwa linapiga kelele kwenye lami kama nyuki. Hata Mokowe siku hizi unafika kwa lami, unaacha gari, unapanda boti kwenda Lamu, na huko Amu mjini tairi lako halina kazi, kazi ni ya punda.

Mambo hubadilika ukiacha lami. Mchanga wa nyuma ya Mambrui unaokwenda ufuoni, hasa wakati wa kaskazi ukiwa umekauka, unameza gari hadi chesisi. Njia za msitu wa Arabuko Sokoke zina mchanga mwekundu wenye mifereji. Ukielekea geti la Sala kuingia Tsavo Mashariki, miiba ya migunga imelala njiani inakungoja. Na karibu na bahari kila mahali kuna matumbawe, jiwe linalokata ubavu wa tairi kama wembe. Ubavu ukichanika haupigwi kiraka, tairi limekwisha.

Kwa njia za namna hiyo, tunachokitafuta ni ubavu mrefu wa tairi, mpira mwingi kati ya rimu na ardhi, ili upepo uweze kupunguzwa mchangani na rimu isigonge jiwe. Wala si rimu kubwa. Naona vijana wa mjini wanavalisha Prado rimu za inchi 20 zenye tairi jembamba kama mkanda wa suruali. Gari linapendeza mbele ya hoteli, sikatai. Lipeleke Marafa kuangalia mabonde ya Nyari, urudi utuambie.

Hatua ya kwanza: soma tairi ulilo nalo

Prado nyingi hutoka na 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya huo upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Chukua kalamu:

265 mara 0.65 ni milimita 172. Ubavu ni miwili, juu na chini, kwa hiyo 344. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Jumla tairi zima lina kimo cha karibu milimita 776.

Sasa 265/70R17: ubavu 185.5, mara mbili 371, ongeza 432. Unapata 803. Tairi limekua kwa milimita 27. Lakini gari haliinuki 27, linainuka nusu yake, milimita 13 na kitu, kwa sababu nusu nyingine imekwenda juu ya ekseli, kwenye madigadi. Watu wengi hawaamini mpaka wapime. Na hiyo nusu ya juu ndiyo inayoleta ugomvi.

Kama Prado yako ina rimu za 18, tairi lake huwa 265/60R18, na ukipiga hesabu utapata 775, kimo kilekile. Kwa hiyo rimu za 17 za Prado nyingine zitaingia bila kubadilisha kimo, na utakuwa umepata ubavu mnene zaidi. Hilo peke yake ni badiliko zuri kwa mtu wa njia za mchanga, na ni la bei nafuu kuliko mengine yote humu.

Hatua ya pili: chagua kimo, na ujizuie

Ushauri wangu, 265/70R17. Prado 120 au 150 isiyoinuliwa huibeba, pengine itagusa kidogo pazia la tope au plastiki ya ndani ya madigadi ukikata usukani hadi mwisho, na hilo linarekebishika kwa kisu na skrubu mbili.

Utashawishiwa uchukue 285/70R17. Kimo chake ni 831. Picha zake ni tamu. Lakini hapo umeingia nyumba nyingine: springi na shoki za kuinua gari inchi mbili hivi, kukata na kuchomelea kiegemeo cha bodi kilicho nyuma ya gurudumu la mbele, na breki zinazosimamisha uzito ambao hazikupangiwa. Gia nazo zitakuwa ndefu, gari linakuwa zito kuondoka. Mwenye injini ndogo ya petroli atajua hilo kwenye mlima wa kwanza. Sisemi usifanye. Nasema hiyo ni kazi nyingine, yenye bajeti nyingine, na mwongozo huu hauifiki.

Ukishachagua kimo, jua kasi yako imebadilika. Dashibodi huhesabu mizunguko ya gurudumu, haioni kimo. Kwa 265/70R17 kila mzunguko unakwenda asilimia 3.4 mbali zaidi. Dashibodi ikisema 100, wewe uko karibu 103. Na 285 ingekuwa 107. Linganisha na ramani ya simu siku moja ukiwa barabara iliyonyooka. Upande wa mafuta nao unadanganya: kilomita 1,000 za dashibodi ni 1,034 za kweli, kwa hiyo gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Hatua ya tatu: rimu, na namba zake nne

Hapa ndipo pesa hupotea, basi tukae kidogo.

Namba ya kwanza ni nati na duara lake. Prado ni nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Kwa nati sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo, ndiyo hiyo. Jimny ina 139.7 vilevile lakini nati tano. Land Cruiser 100 ni nati tano kwenye 150. Kwa hiyo "ni rimu ya Toyota" si jibu.

Ya pili ni tundu la kati, lile lililofanya watu wanicheke. Prado inataka 106 au zaidi kidogo. Pajero, 67.1, haiingii. Ford Ranger ina nati sita kwenye 139.7, na tundu lake ni 93.1, nayo haiingii. Patrol ya zamani ina 110, ambayo inaingia lakini inacheza: rimu haikai kwenye kitovu, inashikwa na nati peke yake. Hilo linawezekana kama nati ni za pembe na zimefungwa kwa utaratibu, lakini usipokuwa makini gari litatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa na utazunguka kwa mafundi wa balansi mwezi mzima. Zipo ringi nyembamba za kuziba hiyo nafasi. Zinafaa. Nenda dukani na kipimo cha kalipa, cha plastiki kinatosha, upime mwenyewe. Muuzaji atakasirika, akasirike.

Ya tatu ni ofseti, na hii ndiyo isiyoonekana kwa macho. Imeandikwa nyuma ya rimu kwa herufi ET na namba. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaolala kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani ya gari. Ikiwa ndogo, linachomoza nje. Rimu za inchi 17 za Prado zina upana wa inchi 7.5 na ET kati ya 25 na 30. Sasa tuseme umepata rimu nzuri za upana wa inchi 8, ET 0, zile za chuma nyeusi zenye matundu ya duara. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje unatoka milimita 36 zaidi ya ulivyokuwa, na wa ndani unajivuta 24 mbali na chasisi. Gari litasimama limetanua miguu kama kaa. Wengine ndicho wanachokitaka. Lakini milimita hizo 36 zinaongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu, usukani unakuwa mzito na kuvutwa na kila shimo, na tope lote linaruka kwenye milango. Halafu, jambo ambalo wauzaji hawalisemi, tairi lililotoka nje huzunguka kwenye duara kubwa zaidi ukikata usukani, kwa hiyo kona ya bampa na sehemu ya nyuma ya madigadi huguswa hata kama kimo cha tairi ni kidogo. Nimeona 265/70 ikisugua vibaya kwenye rimu ya ET 0 na ikipita bila neno kwenye rimu ya ET 25, gari ni hilohilo.

Usiende chini ya ET 15 bila sababu. Na kama umependa kutanua gari, badilisha rimu, usibandike spesa za bei rahisi za alumini, vile vipande vinavyokaa kati ya habu na rimu kuisukuma nje, zenye stadi (boliti zinazoshika nati) zake zenyewe. Bahari yetu hii inakula alumini na chuma vikikutana, na spesa iliyooza huioni mpaka gurudumu likupite.

Ya nne ni upana. Tairi la 265 linakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 7.5 hadi 8.5. Basi.

Chuma au alumini? Chuma ikipinda unaigonga ikanyooka, Gongoni au Marereni atapatikana wa kuigonga. Alumini ikipasuka imepasuka. Kwa upande mwingine chuma hapa pwani huota kutu kwenye mshono baada ya masika moja tu, na ni nzito. Mimi natumia alumini za Prado zilezile za kiwandani, za mtumba, zinazoingia bila maswali. Ukinunua mtumba izungushe sakafuni, iangalie kwa nyuma kama imeunganishwa kwa kuchomelewa. Iliyochomelewa iache kwa mwenyewe.

Hatua ya nne: matairi yenyewe

Nunua matano. Najua, bei. Lakini Prado 120 na 150 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiwa na matatu makubwa na spea moja ya kimo cha zamani, ile difu inafanya kazi kila sekunde kusawazisha tofauti, inapata joto, na siku ukiifunga kwenye lami itakulilia. Spea ya kimo kidogo ni ya kukufikisha penye fundi polepole, si ya kurudi nayo Mombasa.

Ubavuni tafuta neno DOT, na mwisho wake namba nne. 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Jua letu linaua mpira hata ukiwa dukani, na matairi mengine yamekaa dirishani mpaka yamepauka. Mimi sichukui lililozidi miaka mitatu, hata likiwa "mpya". Tairi la mtumba la kutoka ng'ambo ndilo linalotaka macho zaidi: vijino virefu, ngozi imejaa nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu wa shamba.

Angalia uzito. Namba 112 baada ya kipimo maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na herufi inayofuata ni kasi: S ni kilomita 180 kwa saa, Q ni 160. Usishuke chini ya ile iliyokuwa kwenye tairi la kiwandani. Kuhusu vijino, A/T, ya njia za kila aina, inatosha watu tisa kati ya kumi. M/T yenye vijino vikubwa ni ya tope, na kwenye mchanga mkavu inachimba shimo badala ya kuelea. Kwenye ule udongo mweusi wa delta ya Tana mvua ikinyesha, kweli M/T ingekufaa, lakini huko mvua ikinyesha njia nzuri ni kubaki nyumbani. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, hata malori yalilala.

Hatua ya tano: tairi kwenye rimu

Hii ni ya wenye mashine. Kazi yako ni kusimama pale. Hakikisha vali ni mpya, za zamani hata usizitazame. Mwambie fundi asafishe mdomo wa rimu kwa brashi ya waya kabla ya kuvisha, maana chumvi ikikaa pale tairi litavuja upepo pole pole na utatafuta pancha isiyokuwepo. Halafu balansi, magurudumu yote matano, spea nayo. Kama mashine inadai vipande vya risasi vingi mno kwenye gurudumu moja, mwambie alizungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu apime upya. Mara nyingi nusu ya risasi hurudi kwenye kopo.

Hatua ya sita: gurudumu kwenye gari

Fanya asubuhi, au baada ya alasiri. Saa saba mchana spana haishikiki.

Tafuta mahali pagumu. Ua wa nyumba zetu nyingi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja. Weka ubao mpana na mnene chini yake. Zuia magurudumu mengine kwa vipande vya mbao, mbele na nyuma. Vuta breki ya mkono, gia iwe P au ya kwanza, na uhakikishe gia ya pili, ile ndogo ya 4x4, haiko kwenye N: ikiwa N, gari linatembea hata ukiweka P. Na jambo moja nalisema kwa sauti. Usilaze gari juu ya matofali ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Jiwe la matumbawe linabeba ukuta miaka mia, lakini ukilibana sehemu moja kwa chuma linapasuka bila kukuonya. Tumia stendi za chuma, au gogo.

Legeza nati kabla ya kuinua, gari likiwa chini. Inua, toa gurudumu. Mara nyingi halitoki, kwa sababu alumini imeshikana na chuma cha habu kwa chumvi. Rudisha nati mbili kwa mkono ili lisikurukie, chukua kipande cha ubao uweke upande wa ndani wa tairi, gonga kwa nyundo huku na huku.

Likitoka, safisha. Uso wa habu na kitovu vipigwe brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na nyuma ya rimu vilevile. Punje ya kutu yenye unene wa ukucha ikibaki pale, rimu italala kombo na nati zitalegea baadaye. Paka grisi nyembamba sana kwenye kitovu tu, ili mwakani usigonge tena. Kwenye stadi usipake chochote: grisi kwenye nyuzi hufanya nati iingie zaidi ya kipimo, na stadi inavutika mpaka inakatika.

Sasa nati zenyewe. Nati za rimu za alumini za kiwandani za Toyota zina shingo iliyonyooka na wosha bapa. Rimu za chuma, na rimu nyingi za madukani, zinataka nati za pembe, zilizochongoka kama koni, zikae kwenye tundu lililochongoka vilevile. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, inashika kwa ukingo tu. Kwa macho imebana, kwa kweli haijabana. Ingiza nati moja kwenye tundu la rimu ikiwa chini, bila gari, uone kama inalala yote. Stadi za Prado ni milimita 12 zenye nyuzi za 1.5. Nati ya Nissan ina unene huohuo lakini nyuzi 1.25, itaingia mizunguko miwili ikwame, na ukiilazimisha umeua stadi.

Funga zote kwa mkono, bila spana. Hesabu mizunguko: inayopungua minane haijashika vya kutosha. Kisha kaza kidogo kwa spana, ukiruka nati moja, nyota nyota, shusha gari, ukamalize kukaza chini. Kipimo ni nyutoni-mita 110 hivi kwa rimu za alumini, kitabu cha gari kitakwambia. Kama huna spana yenye kipimo, chukua spana ya mkono wa sentimita 40 na usukume kwa mkono kama unayesukuma mzigo wa kilo 28 kwenye ncha yake. Ndiyo hiyo tu, na inashangaza jinsi ilivyo ndogo. Fundi wa barabarani anayeweka bomba la sentimita 80 na kusimama juu yake na kilo zake 75 ameweka mara tano ya hiyo. Anadhani amekusaidia. Siku ya pancha usiku, mkeo na watoto wamo ndani, ndipo utakapomkumbuka.

Baada ya kilomita 50 mpaka 100, kaza tena. Rimu mpya hulala.

Hatua ya saba: tafuta panapogusa

Usingoje barabara ikwambie. Gari likiwa chini, kata usukani mpaka mwisho kushoto, shuka na tochi. Tazama kona ya bampa, plastiki ya ndani, pazia la tope, kiegemeo cha bodi nyuma ya gurudumu, na upande wa ndani mkono wa juu wa springi. Kidole kimoja kipite kila mahali. Fanya kulia vilevile, halafu rudia ukienda kinyumenyume polepole, maana tairi husogea.

Kisha panda gurudumu moja la mbele juu ya kitu, tuta au ukingo wa mfereji, likunje kabisa, ukate usukani tena. Hapo ndipo ukweli hutoka. Ukitaka ushahidi, paka chaki nyeupe kwenye plastiki za ndani, endesha njia mbovu na watu wamejaa nyuma, rudi utazame chaki imefutika wapi. Pazia la tope likigusa, likate au uligeuze. Plastiki ikigusa, ipashe moto kidogo, isukume nyuma, ifunge kwa skrubu. Ikiwa ni chuma kinachogusa, au bomba la breki, simamisha. Hapo ulichagua vibaya kimo au ofseti, na kisu hakitakuokoa.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, fanya wiki hiyohiyo, na mwambie wa bima umebadilisha nini.

Upepo

Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, anzia hapo, pima tairi likiwa baridi. Kwenye lami na mzigo mimi natembea na pauni 33 au 34 kwenye geji. Kwenye mchanga wa Mambrui nashusha hadi 18, na nikikwama, 15. Tairi linapotandika tumbo chini linaelea. Tairi gumu linachimba. Ukiwa na upepo huo usikate usukani kwa ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na usizidi mwendo wa baiskeli iliyo na haraka. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwe ndani ya gari daima, urudishe upepo kabla ya lami. Mchanga uliolowa maji bahari ikitoka ni mgumu na unavutia, lakini ufuo ndipo kasa wanapotaga, kwa hiyo gari libaki kwenye njia. Na zile tambarare za chumvi za Gongoni na tope la mikoko la Ngomeni, tairi lolote ni bure. Nimetolewa huko na trekta.

Spea na mfuko mdogo

Spea nzito zaidi mlangoni italegeza bawaba; kaza skrubu zake na utie grisi kila miezi michache, utaisikia ikigongagonga mapema.

Halafu hili. Kama umefunga rimu za chuma na umebakiza rimu ya kiwandani kama spea, nati zake ni bapa, si za koni. Mimi, enzi nilipokuwa bado na rimu za chuma, nilijua hayo yote na bado nilipata pancha kupita Marereni saa tatu usiku, spea ya alumini mkononi, nati sita za koni kwenye kiganja, na zile za bapa ziko nyumbani ndani ya kopo la rangi. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe ndiye aliyenigawia nne za Hilux yake iliyokufa. Siku hizi nati sita za zamani zimo kwenye mfuko wa kitambaa, umefungwa kwenye mpini wa jeki.